Kwa Mdomo Wake

Ugonjwa wa kurithi ulirundika shaba mwilini mwa Shekuwe, ulimi wake ukawa mzito. Sheria iliwataka watu kama yeye waseme kwa kifaa cha shingoni, kinachonyoosha maneno.

"Naendelea vizuri," kifaa kilimwambia daktari, naye akapunguza dawa. Mkewe, Mwanakombo, aliona machozi yakimlengalenga mumewe, akaingiwa na shaka.

Nyumbani alimvua kifaa. "Baba Zuhura, niambie mwenyewe. Sina haraka."

Shekuwe alihangaika na neno moja kwa muda mrefu. "Na... u... mia."

Mwanakombo akampigia daktari simu, akamweleza kuwa mumewe anaumia.

"Amesema kwa kifaa?"

"Kwa mdomo wake."

"Hiyo haitambuliki, mama," daktari alijibu kwa upole. "Mvalishe, umuulize tena."

Shekuwe alisikia. Akaifunika shingo yake kwa mikono miwili.