Dakika Moja kwa Vénérand

Shavu moja la mzee lilikuwa limeshanyolewa, la pili bado lina povu, Yeremia alipopiga makofi na kuamuru wote wasimame.

"Dakika moja ya kimya kwa Vénérand Kalonda," alisema. "Hata wewe, Papa. Ndevu zitasubiri."

Mzee akasimama, kitambaa shingoni. Léonard, mwenye saluni, akazima redio. Nje, teksi za mtaa wa Overport ziliendelea kupiga honi kana kwamba hakuna aliyekufa.

Habari iliingia alfajiri kwa WhatsApp, kutoka nyumbani Kalemie: beki wa zamani wa timu ya Mamba amefariki. Picha ilikuwa ya mwaka 1988, kaptula fupi na nywele zilizofura kama mwavuli. Kufikia saa nane mchana, mashabiki wanane waliohamia Durban walikuwa wamejibana saluni na beseni la maandazi.

Kila mmoja alikuwa na Vénérand wake.

"Alikuwa mrefu kama mlango huu," alisema Ciza, fundi wa simu.

"Alikuwa wa kawaida tu," mzee alisema, akikaa tena kitini.

"Alimaliza mechi na kidole cha mguu kimevunjika!" alisema Yeremia.

"Kidole kilikuwa kizima. Kilichopasuka ni kiatu."

Wakageuka wote kumtazama. Hakuna aliyemjua, alikuja na teksi ya Pinetown, akavua kofia, akaomba kunyolewa.

"Papa, wewe umejuaje?"

"Nilikuwepo." Mzee akafuta povu mdomoni. "Na ile fainali na Tai ya Uvira, mbona hamuisemi? Dakika ya themanini na tisa. Alimrudishia kipa mpira, kumbe kipa ametoka. Akajifunga."

"Eish," Léonard alinong'ona.

"Nilijua tu!" Yeremia akamnyooshea kidole. "Huyu ni mtu wa Tai! Miaka yote hii, na leo anakuja kututonesha kidonda msibani!"

"Nauliza tu. Kalemie nzima ilimtungia wimbo. Mwaka mzima hakuthubutu kwenda sokoni mchana."

Yeremia akaushusha mkono. Akakaa juu ya kreti la soda.

"Mimi pia niliuimba," alisema taratibu. "Nilikuwa na miaka tisa. Lakini sikia, Papa. Ule mpira aliukimbilia kutoka katikati ya uwanja. Wenzake walisimama wakitazama. Angesimama kama wao, mshambuliaji wa Tai angefunga mwenyewe, na hakuna ambaye angemcheka. Alichekwa kwa sababu alikimbia." Akavuta pumzi. "Nimelielewa hilo ukubwani. Nilitaka siku moja nimwambie. Basi, nimechelewa."



"Papa, usitikisike," Léonard alisema. "Nitakukata."

Mzee alipomalizwa hakuomba hata kioo. Alivaa kofia yake akaishusha hadi kwenye nyusi. Ciza akamzuia mlangoni na daftari la rambirambi.

"Andika neno, Papa. Tunalipeleka Kalemie kwa familia yake. Na kesho mchana iko misa yake hapa Durban, kwaya nzima itaimba. Hata watu wa Tai wanakaribishwa."

Wakacheka. Mzee naye akacheka, tena kuliko wote, mpaka akalazimika kufuta macho. Akainama juu ya daftari, akaandika polepole, akalifunga, akampa Yeremia mkono. Aliushika muda mrefu kuliko ilivyo desturi kwa watu waliotoka kugombana. Kisha akavuka barabara na kupanda teksi.

"Tuone mtu wa Tai ametuandikia matusi gani," Yeremia alisema, akafungua daftari.

*Nilikuja kuwaambia kwamba habari hizo si za kweli. Lakini misa msiahirishe, nitakaa viti vya nyuma. Vénérand Kalonda.*