Shubiri Moja

Mpima ardhi alichora alama nyekundu kwenye ukuta wa jirani yangu, kisha akapita mlangoni kwangu bila hata kuinua brashi.

"Na mimi je?" nikamuuliza.

"Wewe umesalimika, mama. Treni ya kasi inataka mita thelathini kutoka kigingi kile. Ukuta wako umepita hapo kwa kitu kisichofika hata shubiri."

Mimi ni fundi cherehani, siamini kipimo cha mtu. Nilichukua futi yangu nikapima mwenyewe, nikiiburuta vumbini mara ishirini. Hakudanganya.

Kwenye mkutano wa hadhara, mwezi uliopita, nilipiga kelele kuliko wote. Wengine walisema reli italeta kazi; mimi nikasema itapita juu ya maiti yangu. Walionipigia makofi siku ile, leo wanafunga magodoro kamba.

Jirani alikuwa akikokota kabati lake nje. Miaka ishirini na sita, kila asubuhi, amenigongea ukuta kwa mwiko kujua kama nimeamka.

"Una bahati ya mtende, shoga," alisema bila kuniangalia.

Nikasema ndiyo.

Mpima ardhi alipokata kona, nilipiga magoti nikakishika kile kigingi kwa mikono miwili. Kiling'oka kirahisi, kama jino la mtoto.

Nikatandaza kiganja chini: gumba kwenye shimo, kidole cha mwisho kikielekea mlangoni kwangu.