D ya Tumpale

Siku ya kwanza ya somo la aljebra ya mstari, kabla mhadhiri hajagusa ubao, kila mwanafunzi alitumiwa alama ambayo mashine ya chuo ilitarajia ataipata. Tumpale alitarajiwa D. Anayepata chini ya hapo hurudia mwaka. Anayepita juu huhesabiwa kuwa ameibia mtihani, naye hufukuzwa. Kaka yake alitarajiwa C akapata B, na hadi leo anafyatua matofali.

Ndiyo maana kila jioni mama yake, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, aliketi naye jikoni kumfundisha kukosea.

"Hapa sahau alama ya kutoa," alimwambia. "Lakini usisahau kila mahali, watashtuka."

"Mama, jibu naliona hata kabla sijaandika."

"Usilione, mwanangu. Mmoja ameshaniponyoka."

Basi Tumpale akakosea, akakosea, mpaka mkono ukazoea. Matokeo yalipotoka alikuwa na D safi, na mama akachinja kuku.

Kabla ya kula, mama alimkabidhi bomba la sindano ampimie bibi insulini, kama siku zote. Tumpale akavuta dawa. Akaitazama mistari midogo ya bomba, akaitazama tena. Kwa mara ya kwanza maishani hakujua kama amepatia.

"Mchome basi, chakula kinapoa!" mama aliita.

Bibi alikuwa ameshapandisha mkono wa gauni, anatabasamu, maana mjukuu huyu hajawahi kukosea.