Maji ya Ukutani

Huku angani ukuta wa nyumba ni maji. Kila familia inakunywa na kufulia ya ukuta wake, na yakipungua, miale ya jua inapenya. Kwa hiyo jua likichafuka hakuna anayepika, na mgeni hapewi chai.

Dhoruba ya jua ilitangazwa ukuta wetu ukiwa nusu. Mimi ndiye niliyeupunguza, nikifua nepi za mjukuu ambaye hata hajazaliwa. Binti yangu Rukia, na tumbo lake, akajikunyata kando ya ukuta wa chumba chake.

Mara hodi. Jirani yetu Bi Kidawa, ndoo mkononi.

“Karibu bibi, ila chai leo hakuna.”

“Nani kaitaka, Baba Rukia? Chai yako siku zote kama maji ya kusuuzia vikombe. Nipishe!”

Akafungua mfuniko wa ukuta wa chumba cha Rukia, akamimina. Akaenda, akarudi, akamimina tena, mpaka ukajaa.

“Yote haya umeyatoa wapi?”

“Mimi niko peke yangu, nayanywa na nani?”

Dhoruba ikapita. Mtoto akapiga teke tumboni, tukacheka huku tunalia. Nikachemsha chai, nikampelekea Bi Kidawa. Nilipoegemea ukuta wake, ukalia kama debe tupu.

“Bibi, huu ukuta…”

“Mjukuu anacheza?”

“Anacheza. Mungu akulipe, bibi.”

“Basi mimina chai.”

Akanywa, akafumba macho. “Leo umeipatia, Baba Rukia. Tamu!”

Nikaonja yangu. Sukari nilikuwa nimesahau kutia.