Nyundo Bila Mpini

Nyundo iliuzwa bila mpini. Mnunuzi alikigeuzageuza kile kichwa cha chuma mkononi, akamtazama mama mwenye nyumba, akakitazama tena.

"Mama, na mpini wake?"

"Mpini hauuzwi."

"Sasa hii nyundo gani?"

"Ya kutia mpini wako."

Yule kijana akacheka, akalipa, akaenda zake. Mama hakucheka. Miezi kadhaa sasa moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Vyombo vya mumewe vilitoka kimoja kimoja katika chumba cha mbele, kilichokuwa karakana, naye aliviona vikienda kama anavyoona mvua ikinyesha kwa watu wengine. Mpangaji alikuwa anakuja mwisho wa mwezi. Chumba kilitakiwa kiwe tupu.

Binti yake ndiye aliyeweka picha mtandaoni, na ndiye aliyemfundisha masharti: waje mchana, mlango ubaki wazi, pesa kwanza ndipo kitu kitoke.

"Lakini mama, kwa nini usiwatumie tu kwa pikipiki? Kila mtu anaomba atumiwe, wewe unawajibu waje wenyewe. Watu si wa kuaminika siku hizi. Na usikae na mgeni peke yako."

"Siko peke yangu."

Binti akapandisha sauti kwenye simu. "Mama, unajua ninachomaanisha."

"Najua."

Hakubadilisha neno. Kila aliyeandika alijibiwa hivyo hivyo: njoo mwenyewe, ujaribu kitu hapa hapa. Wengi walisonya wakaenda kununua kwingine.

Aliyekuja kuchukua msumeno alikuwa na haraka, pikipiki inanguruma nje. Akapewa kipande cha ubao akate.

"Humu ndani?"

"Sogea hapo ukutani, kuna nafasi."

Akakata. Mama alisimama kando, mikono nyuma, uso hauna habari. Ukuta ukagongwa kutoka upande wa pili, mara moja tu, ko.

"Tunasumbua watu," alisema yule bwana.

"Usimjali huyo. Ni jirani, hana kazi siku hizi. Chukua msumeno wako." Akampunguzia na bei bila kuombwa.

Ikabaki randa. Hiyo ilikuwa ya baba mkwe kabla haijawa ya mumewe, na mti wake ulikuwa umeshika umbo la viganja vyao. Mama alikuwa ameahidi mbele ya mumewe, ameushika mkono wake uliolegea, kwamba randa haitatoka nyumba hii mpaka impate mtu wa kuifanyia kazi. Mumewe alikuwa na kiburi cha fundi. Hata homa aliificha, watu wasije wakamwona amekaa bure. Basi mama aliona kwamba randa ikiangukia mikono isiyofaa, huko kuuza kote kutakuwa kazi bure, na yeye atakuwa amemvunjia ahadi mtu ambaye hakuwahi kumvunjia hata moja.

Akaja mwenye mkahawa, mtu wa manukato na viatu visivyojua vumbi.

"Pole sana na msiba, mama. Mzee alitunza vyombo vyake."

"Nimeshapoa," mama alijibu, kama alivyowajibu wengine wote. Hakuwa na nguvu za kumweleza kila mtu habari za nyumbani kwake. "Ijaribu."

"Ah, mimi naitaka kwa ajili ya ukutani. Juu ya kaunta pale, na taa ndogo. Itapendeza!"

"Ijaribu hivyo hivyo."

Aliisukuma ubaoni mara mbili kama anayepiga pasi. Ukuta ukagongwa, ko ko.

"Samahani, kaka. Haiuzwi."

"Mama! Si umeitangaza mwenyewe? Nakulipa mara mbili ya bei."

"Nimeitangaza, ndiyo. Na haiuzwi."

Alitoka akitikisa kichwa. Jioni hiyo binti alipiga simu, akalalamika mpaka akachoka. Zilibaki siku chache mpangaji aingie.

Wa mwisho alikuwa mwanamke, kilemba kimejaa maranda, amekuja na ubao wake kwapani. Hakuuliza bei. Alikaa chini akaipindua randa, akapitisha kidole kwenye kisu chake, akakigonga kidogo kukirekebisha. Kisha akauegemeza ubao kwenye meza iliyobaki, akaanza.

Sauti ile mama hakuwa ameisikia tangu mvua zilizopita. Maranda yalitoka marefu, membamba, yakajikunja miguuni mwake. Harufu ya mbao ikajaa chumbani.

Ukuta ukagongwa mara moja. Mama akafungua kinywa aseme chukua. Ukagongwa tena, na tena, taratibu, ukifuata mkono wa yule dada, akisukuma, akivuta.

Dada akacheka bila kusimama. "Jirani yako naye fundi?"

Ikabidi mama ageuke aangalie dirishani, na alishangaa kwamba bado ana machozi.

"Ichukue," alisema. "Lipa utakachoweza, mwanangu."

"Asante, mama. Marehemu angekuwepo, ningemshika mkono."

Akaifunga kwenye khanga yake, akatoka. Mama alisimama mlangoni mpaka yule dada alipokaribia kona, ndipo akafunga mlango, akapita koridoni hadi chumba cha upande wa pili.

"Mwite arudi, haraka," mumewe alisema kutoka kitandani, mpini wa nyundo ungali mkononi. "Hujampa jiwe la kunolea."