Chupa ya Bi Nakijwa

Mji wote usikie: sayansi iliwasili kwa Bi Nakijwa, ndani ya chupa ya sharubati. Yalikuwa maji meusi ya mboji, ya kuchanganya na mbolea ili miche ya nyanya ishike mizizi. Mbegu zake zilikuwa za mwisho alizoacha marehemu mumewe.

Aliinyunyizia siku tisa, akiisemesha miche kama wajukuu. Siku ya kumi yote ilikuwa imekauka.

Alichovya kidole chupani, akalamba. Kisha akaninyooshea chupa juu ya ua, mimi jirani yake.

"Onja nawe, mjukuu wangu."

"Sipendi chumvi, Bibi."

Hakuwa ametaja chumvi.

Basi, ni mimi. Dawa ile ya mboji niliimwaga, nikajaza maji ya masizi na chumvi, nipate cha kucheka. Mkono wake bado ameunyoosha.