Dole Gumba la Kashindye

"Mama, miti hii imekufa. Weka dole gumba hapa tuikate," bwana misitu alisema, akimnyooshea karatasi na kidau cha wino. Watu wenye misumeno walikuwa wameshashuka kwenye lori.

Kashindye aliitazama ngitili ya ukoo wake, msitu wa akiba ambamo hata mbuzi hawakuruhusiwa kuingia. Ukame ulikuwa umeupukutisha wote. Lakini misalaba ya chokaa ilichorwa kwenye mininga tu.

"Migunga nayo haina jani. Mikwaju nayo. Mbona mmeiacha? Siku hizi ukame unachagua mbao?"

"Tunafuata utaalamu, mama."

"Utaalamu gani? Mninga unaangusha majani ili usife kiu! Huku hata watoto wanajua."

Akachomoa panga, akalikata gome katikati ya msalaba. Mwanzoni hakikutoka kitu. Kisha utomvu ukaja, mwekundu, mzito, ukateremka taratibu juu ya chokaa.

Kashindye alikipaka kidole gumba chake utomvu ule, akakikandamiza kwenye karatasi, juu ya neno "mikavu" lililoandikwa kuhusu mininga hiyo, akalisugua mpaka likapotea.

"Dole hilo umelipata. Sasa kawaeleze waliokutuma, maiti anavujaje damu."